Lubumbashi hadi Dar es Salaam: namna ya kuandaa ziara ya kikundi kidogo kupitia hifadhi za milima na miji ya pwani

Njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Dar es Salaam inajulikana zaidi na wafanyabiashara kuliko na watalii. Mabasi huondoka mjini yakiwa yamejaa watu wanaokwenda kununua nguo, vipuri na vyombo Kariakoo. Hupita Kasumbalesa, huikata Zambia kuanzia Ukanda wa Shaba hadi Nakonde, huingia Tanzania kwa mlango wa Tunduma, na abiria wengi huwa wamelala usingizi wakati basi linapokatiza milima ambayo watu wa Ulaya hulipa fedha nyingi ili kuja kuiona.

Mwongozo huu unawahusu wale ambao wangependa kuipita njia hiyo hiyo kwa mwendo mwingine: marafiki, wanafamilia, wanakwaya au wafanyakazi wa ofisi moja, wenye nia ya kutembea msituni kwa siku chache na kumalizia Bagamoyo na Zanzibar. Makampuni ya utalii huuza safari za namna hii zikiwa zimefungwa tayari, tangu hoteli ya kwanza hadi ya mwisho, na bei yake imepangwa kwa kumfikiria mgeni anayeshuka kwenye ndege bila kujua neno moja la Kiswahili. Ninyi si wageni wa aina hiyo. Mnazungumza lugha ya dereva, ya askari wa lango la hifadhi na ya mama anayepika chakula Mang'ula, kwenye lango la hifadhi ya Udzungwa. Nchi yenu ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022. Na barabara mtakayoipita haikosi mabasi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni kwamba msinunue safari nzima. Nunueni vipande vyake, kila kimoja mahali kinapouzwa, na mlipe kiongozi wa watalii pale tu ambapo ana kazi ya kuwafanyia.

Idadi ya watu na mfuko wa pamoja

Gharama za ziara ni za aina mbili, na anayezichanganya hukosea hesabu mapema. Kuna zile zinazolipwa kwa kichwa, kama tikiti ya basi, kiingilio cha hifadhi, kitanda na boti. Hizi hazipungui hata mkienda watu mia. Halafu kuna zile zinazolipwa na kikundi kizima, kama gari la kukodi, kiongozi wa njia ya msituni na teksi ya kutoka stendi. Hizi za pili ndizo zinazogawanyika, na ndizo zinazofanya kikundi kiwe na maana. Gari la kawaida la kutazamia wanyama huchukua abiria sita au saba. Mtu wa nane analazimisha gari la pili na dereva wa pili, na ghafla kila mmoja analipa zaidi kuliko mlipokuwa saba. Chini ya watu watano, kwa upande mwingine, gari linakuwa mzigo. Sita au saba ndiyo idadi ninayoipendekeza bila kusita, na shemeji anayetaka kujiunga wiki ya mwisho ajibiwe kwa upole kwamba viti vimekwisha.

Kuhusu kuweka akiba, watu wengi wa Lubumbashi watafikiria likelemba, na ni vyema, lakini likelemba ya kawaida haifai kama ilivyo. Katika likelemba kila mmoja anapokea kwa zamu yake, hali katika safari wote mnahitaji fedha siku moja. Kinachohitajika ni sanduku: kila mwezi kila mtu anaweka kiasi kile kile, hakuna anayekopa, na fedha haiguswi mpaka tikiti zikatwe. Mtunza hazina asiwe yule yule anayeongoza kikundi, kwa sababu anayeamua matumizi na anayeshika fedha wakiwa mtu mmoja, maswali huanza kabla ya kufika Kitwe. Mkubaliane pia kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja tu, fedha ya nani itarudishwa na kwa kiasi gani iwapo mtu atajitoa baada ya tikiti kulipwa. Ndugu hawapendi kuandikiana. Waandikiane hivyo hivyo.

Msimu

Likizo kuu ya shule, Julai na Agosti, inaangukia vizuri. Ni kiangazi kwenu na ni kiangazi katika sehemu kubwa ya Tanzania pia. Njia za msituni zimekauka, na wanyama wa hifadhi ya Mikumi hukusanyika karibu na maji, hivyo huonekana kwa urahisi. Epukeni Machi hadi Mei, wakati wa masika, ambapo mvua ya pwani huharibu ziara yote na matope ya milima ya Udzungwa hugeuza matembezi ya nusu siku kuwa adhabu.

Kuna jambo moja tu ambalo Julai haiwezi kuwapa, nalo ni maua ya Kitulo. Hifadhi hiyo ya Nyanda za Juu Kusini, iliyo katika uwanda wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ilianzishwa rasmi mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua huchanua kati ya Novemba na Aprili. Julai mtakuta majani makavu na baridi inayoweza kuleta umande ulioganda. Kikundi kinachopenda mimea kuliko wanyama kisafiri Desemba na kikubali mvua. Wengine wote waiache Kitulo, wasisikitike.

Karatasi

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku ya kurudi, na iwe na kurasa tupu za kutosha, kwa kuwa mtapigiwa mihuri ya nchi tatu wakati wa kwenda na tena wakati wa kurudi. Masharti ya viza kwa raia wa Kongo yamebadilika mara kadhaa katika miaka ya karibuni, kwa hiyo msitegemee maneno ya mtu aliyesafiri mwaka juzi: nendeni kwenye ubalozi mdogo wa Zambia na ule wa Tanzania, yote ikiwa na ofisi Lubumbashi, muulize habari za kupita Zambia na za kukaa Tanzania kama watalii. Msisitize neno utalii, maana anayesema anakwenda kununua bidhaa anaweza kutakiwa karatasi nyingine.

Kitabu cha manjano cha chanjo si pambo. Kongo iko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na mtu anayetoka huko huulizwa cheti mpakani. Chanjo inapaswa kuwa imefanyika siku kumi au zaidi kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 cheti kimoja kinatosha kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kama ndani yake kimeandikwa miaka kumi. Wako watu waliochanjwa upya bila sababu kwa kutojua hilo. Mtoto anayesafiri bila mzazi mmoja au wote wawili awe na kibali cha wazazi kilichothibitishwa na mamlaka, pamoja na nakala za vitambulisho vyao. Maofisa wa DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, hawana mchezo katika jambo hili, nao wana haki.

Fedha: dola mwisho wake ni mpakani

Hapa ndipo Mlushi, yaani mtu wa Lubumbashi, anapojikwaa. Nyumbani amezoea kulipa kwa dola dukani, kwenye hoteli na hata kwa fundi, akirudishiwa chenji kwa faranga. Zambia mtahitaji kwacha kwa chakula cha njiani. Tanzania imekwenda mbali zaidi: kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mgeni anatakiwa kubadilisha dola zake katika benki au duka la kubadilishia fedha lenye leseni, kisha alipe kwa shilingi. Noti ziwe mpya na safi. Iliyochanika au kuchorwa itakataliwa kule kama inavyokataliwa Kasumbalesa. Msibadilishe kwa vijana wanaozunguka Tunduma wakiwa na mabunda mkononi. Wapo waaminifu miongoni mwao, lakini mahali ambapo basi linapiga honi na mizigo imetawanyika chini si mahali pa kuhesabia noti ambazo hamjazizoea.

Baada ya kuingia, mtu mmoja au wawili wasajili laini ya simu ya Tanzania kwa pasipoti na alama za vidole, wafungue na huduma ya fedha kwa simu. Sababu yake ni kwamba hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu mlangoni kwa namna mnayoitarajia. Mnapewa namba ya malipo ya serikali, mnailipa kwa benki au kwa simu, ndipo mnapewa kibali. Kikundi kisicho na laini iliyo tayari hukaa langoni kikimtafuta msamaria wa kukilipia, na saa nzuri za asubuhi hupotea.

Viingilio hupangwa katika madaraja: wageni wasio wakazi, wageni wenye ukazi, na raia wa Afrika Mashariki, ambao hulipa kwa shilingi kiasi kidogo sana kikilinganishwa na wale wa kwanza. Kwa kuwa Kongo imo katika Jumuiya, ombeni daraja la tatu, na msisubiri kulijadili mlangoni. Kabla ya kuondoka, iandikieni hifadhi, mtaje uraia na idadi yenu, na mchapishe jibu. Tofauti ya gharama kwa watu saba katika hifadhi mbili inaweza kulipia vitanda vya Zanzibar.

Barabara

Chaguo la busara ni basi la abiria hadi Mbeya. Msipeleke gari la binafsi kutoka Lubumbashi isipokuwa dereva ameshawahi kufanya safari hiyo: Zambia na Tanzania huendeshwa kushoto, kuna bima ya kuvuka mipaka, tozo za barabara na kibali cha kuingiza gari kwa muda, na msururu wa malori ya shaba pale Kasumbalesa unaweza kumeza siku nzima. Wale wanaopendelea ndege waulize kama msimu huo kuna safari kati ya Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, na Dar es Salaam. Lakini mtu anayeruka angani amejinyima nusu ya milima yenyewe, na atalazimika kurudi nyuma kutoka pwani ili aione.

Reli ya TAZARA inastahili neno lake. Ni kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na kipande chake kati ya Makambako na Mlimba, chenye mahandaki na madaraja mengi, ni miongoni mwa vipande vya kupendeza zaidi vya reli katika sehemu hii ya Afrika. Hata hivyo, huduma yake ya abiria imekuwa ikikatika na kurejea. Msipange ziara juu yake. Kama mkifika Mbeya mkakuta treni inatembea na siku zenu zinaruhusu, pandeni, na mwambie familia nyumbani kwamba mtachelewa.

Safari ya basi hadi Mbeya huchukua siku mbili hivi, kutegemea mipaka. Simu zenu zitasogea mbele saa moja mkivuka Tunduma, na zaidi ya hapo tikiti za mabasi ya Tanzania mara nyingi huandikwa kwa saa za Kiswahili: ikiandikwa saa 12:00 asubuhi, basi linaondoka alfajiri jua linapochomoza, si mchana. Kabla ya kufika mpakani toeni mifuko yote ya plastiki kwenye mizigo, kwa sababu Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019. Vitenge na viatu vifungwe kwenye mifuko ya kitambaa.

Milima kwanza

Wengi wangependa kuanza na bahari. Msifanye hivyo. Njia yenyewe inaanza na milima, miguu yenu bado ina nguvu, fedha bado ipo, na hamjanunua kitu cha kubeba. Tena kuna hatari ambayo kila Mlushi anaijua: kikundi kikifika Kariakoo siku ya kwanza, ziara imekwisha, na kilichobaki ni biashara.

Lubumbashi iko juu kiasi cha mita 1,200, kwa hiyo pumzi hazitawasumbua sana, lakini ni mji wa tambarare na miguu yake haijui kupanda. Miezi miwili kabla, kikundi kitembee pamoja kila Jumamosi, kilomita kumi au zaidi, kikiwa na viatu vile vile vitakavyosafiri. Wenye nafasi waende Kundelungu, hifadhi yetu wenyewe iliyoanzishwa mwaka 1970, baada ya kupata ruhusa ya ICCN, taasisi ya hifadhi za Kongo, na kuuliza hali ya barabara. Maporomoko ya Lofoi, yanayoanguka zaidi ya mita 300, yatawaonyesha nani katika kikundi ni mwepesi na nani anahitaji kusubiriwa. Ni heri kulijua hilo nyumbani.

Mbeya mpumzike siku moja kamili. Siku ya pili kodini gari dogo hadi ziwa la volkeno la Ngosi, upande wa kwenda Tukuyu, ambako kupanda na kushuka ni kazi ya nusu siku ndani ya msitu wenye mianzi, kisha mpitie Daraja la Mungu, jiwe lililojikunja juu ya mto Kiwira. Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000 uko jirani. Katika misitu yake anaishi kipunji, aina ya nyani ambayo wanasayansi waliitangaza mwaka 2005 tu, ingawa wawindaji wa kienyeji walikuwa wakimjua tangu zamani. Kumwona ni bahati. Asiwe ndiye sababu ya kupanda.

Kutoka Mbeya mchukue basi la asubuhi linalopita Iringa, mshuke mji mdogo wa Mikumi. Kaeni upande wa dirisha mnapoteremka mlima Kitonga, na mkubali kwamba eneo la zana za mawe za kale la Isimila na makumbusho ya Mkwawa ya Kalenga yatasubiri safari nyingine, maana anayetaka kuona kila kitu Iringa atapoteza siku mbili za Udzungwa.

Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ndiyo sehemu pekee ya ziara hii inayodai gari maalumu. Barabara kuu hukatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na abiria wa basi huona twiga na swala bila kulipa; lakini tembo, viboko na simba wanahitaji gari la kuingia ndani tangu alfajiri. Kodini hapo hapo mjini Mikumi kwa siku moja, si kutoka Dar es Salaam, kwa sababu gari linalotoka mbali hulipiwa na siku zake za kuja na kurudi likiwa tupu. Kabla ya kulipa ombeni kuona leseni ya kampuni, ile inayojulikana kama TALA, na mwandike ndani ya makubaliano nani analipa kiingilio cha gari, cha dereva na mafuta. Ugomvi mwingi wa mwisho wa siku hutokana na vitu hivyo vitatu. Msivae nguo za buluu iliyokoza wala nyeusi, kwani huwavutia mbung'o.

Halafu Udzungwa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa safari hii na inastahili siku tatu badala ya moja wanayopewa na wauzaji wa pakeji. Makao makuu yake yako Mang'ula, kilomita zipatazo 60 kusini mwa Mikumi kwa barabara ya Ifakara, na gari la abiria linatosha kuwafikisha. Hifadhi hii, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990 na iliyotangazwa mwaka 1992, haina barabara ndani yake: kila kitu ni kwa miguu, na kila kundi linaongozana na kiongozi anayepatikana langoni. Hapo ndipo fedha ya kiongozi inapofanya kazi yake. Ombeni anayependa kuzungumza Kiswahili na aliyekulia vijiji vya pale. Atawaeleza miti, dawa na nyayo kwa undani ambao ungemchosha kuutafsiri, na hamtalipa ziada ya kiongozi wa Kifaransa.

Njia ya Sanje ndiyo ya kuanza nayo. Inapanda kwa ukali mwanzoni, ndani ya msitu mzito, hadi kwenye maporomoko yenye urefu wa mita 170 hivi, ambayo juu yake mnaona mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero yakienea chini. Hesabuni saa nne hadi tano, bila kujumuisha kuoga. Katika miti ya njia hiyo wanaishi mbega wekundu wa Udzungwa na kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimfahamu kwanza mwaka 1979. Wote wawili hawapatikani popote nje ya milima hii. Mwendo upangwe na yule wa polepole kuliko wote, naye atembee nyuma ya kiongozi mara moja, si mwishoni mwa mstari, kwa sababu anayebaki nyuma kila mara huwakuta wenzake wakinyanyuka kutoka mapumziko ambayo yeye hakuyapata. Mtu mzima mwenye magoti mabovu apewe njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernard, karibu na lango, na asifanywe ajisikie amebaki nyumbani. Kilele cha Mwanihana kinahitaji kulala msituni na mahema. Kikundi cha mara ya kwanza kikiache.

Beba maji ya kutosha, viatu vyenye soli ya kushika, koti la mvua hata Julai, na mfuko wa kurudishia takataka zenu. Kwa chakula, Mang'ula kuna wali, ugali na samaki wa Kilombero; aliyezoea bukari, ugali wetu wa nyumbani, hatateseka.

Pwani

Rudini Mikumi, mwende Morogoro, na hapo muache barabara. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inaunganisha Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na Morogoro hadi Dar es Salaam ni mwendo wa takriban saa mbili, ambapo basi linaweza kukwama nyuma ya malori kwa nusu siku. Tikiti hukatwa mapema kwa jina lililo kwenye pasipoti. Siku za mwisho wa juma nafasi huisha haraka.

Dar es Salaam ipiteni tu wakati huu, mlale usiku mmoja, na asubuhi mwende Bagamoyo. Mji huu mdogo unawahusu watu wa Katanga kuliko wanavyodhani. Misafara ya pembe na watumwa iliyotoka bara ilimalizikia hapa. Msiri, aliyeutawala ufalme wa Garenganze huko Katanga kutoka Bunkeya na kuuza shaba na pembe, alikuwa mtu wa Unyamwezi aliyeijua biashara hiyo ya mashariki, na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji kuitwaa Katanga, ambao watu wake walimwua Desemba 1891, ulikuwa umeondoka pwani hii miezi michache kabla. Mwili wa David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 huko Chitambo, katika nchi ile ile ya Zambia mliyoikata kwa basi, ulibebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao hadi misheni ya Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Mwombeni kiongozi wa mji awapeleke kwenye misheni hiyo iliyoanzishwa mwaka 1868, kwenye Boma la Wajerumani na kwenye magofu ya Kaole, na mwambie mapema kwamba mnatoka Katanga. Kiongozi mzuri atabadilisha maelezo yake.

Boti ya kwenda Zanzibar huchukua saa mbili hivi. Kateni tikiti katika ofisi ya kampuni yenyewe bandarini, si kwa vijana wanaowapokea njiani, na mfahamu kwamba nauli ya wasio wakazi ni kubwa kuliko ya wenyeji. Julai upepo wa kusi huvuma na bahari huchafuka. Anayetapika kwenye basi achague boti ya asubuhi na ameze dawa kabla. Pasipoti zitaangaliwa tena. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wa kigeni wawe na bima ya safari inayotolewa na shirika lake, dola 44 kwa mtu mzima, ambayo hulipiwa mtandaoni kabla ya kufika. Wekeni kiasi hicho katika hesabu ya mwanzo, kwa sababu mara saba si kidogo.

Kaeni Mji Mkongwe, ambao uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, badala ya hoteli za ufukweni zilizo mbali na kila kitu. Siku ya kwanza mchukue kiongozi mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, kwa saa tatu tu, na siku zinazofuata mpotee wenyewe kwenye vichochoro. Kuna mahali pawili ambapo msipite haraka. Pa kwanza ni kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Baadhi ya waliouzwa pale walitoka mashariki mwa Kongo. Pa pili ni nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitawala Manyema, mashariki mwa Kongo, kwa bunduki na kufia Zanzibar mwaka 1905. Kikundi kikae hapo kwa utulivu na mwenye kuijua historia ya nyumbani aizungumze, maana kiongozi wa Zanzibar ataieleza akiitazama kutoka pwani.

Mavazi yafunike mabega na magoti mjini, kwa wanaume na wanawake. Kaptura ni za ufukweni. Wakati wa Ramadhani msile wala kunywa hadharani mchana. Jioni chakula cha bustani ya Forodhani kinatosha, ila ulizeni bei kabla ya kunyoosha kidole, kwani pweza huuzwa kwa macho ya mnunuzi. Kama siku inabaki, msitu wa Jozani una mbega wekundu wa Unguja, ambao baada ya Udzungwa mtawatazama kwa jicho la wajuzi.

Kariakoo na kurudi

Siku ya mwisho, na ya mwisho kabisa, ni ya Kariakoo. Mtunza hazina afunge hesabu ya kikundi usiku wa kuamkia siku hiyo na kumrudishia kila mtu kilichobaki, ili anayenunua anunue kwa fedha yake mwenyewe na asikope kwenye sanduku. Weka risiti za kila kitu katika mfuko mmoja, kwa jina la kila mnunuzi, na mizigo ya kila mtu ifungwe peke yake: Kasumbalesa maofisa wa DGDA, yaani forodha ya Kongo, wakikuta vitenge vya watu saba ndani ya marobota mawili, watavihesabu kama bidhaa ya mfanyabiashara mmoja, na kikundi kizima kitasubiri chini ya jua wakati mmoja wenu akijieleza.